Baiti 72 ndani ya kilo 10 za zebaki

Hebu nikuulize swali, ndugu msomaji. Simu iliyo mfukoni mwako ina kumbukumbu ya gigabaiti ngapi? Mbili? Nne? Nane? Sasa nikikwambia kwamba kuna wakati kumbukumbu ya tarakilishi ilikuwa bomba la chuma lililojazwa zebaki, na kwamba data ilikaa humo kama sauti inayosafiri, utaniamini? Sisi tuliosomea sayansi ya tarakilishi chuoni tulipitishwa juu ya jambo hili kwa sentensi moja tu. Mhadhiri akalitaja, akafuta ubao, tukaruka hadi kwenye transista.

Leo nataka kuliandika kwa urefu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni hadithi tamu ya uhandisi. Ya pili si tamu. Zebaki haijatoka maishani mwetu. Iko Migori kwenye makarai ya akina mama wanaosafisha dhahabu, iliwahi kuwa kwenye krimu za urembo za Nairobi, na huenda iko ndani ya ile skrini kuukuu uliyoisukuma chini ya meza. Haya, twende.

MAJI YA FEDHA

Zebaki ni elementi namba 80. Alama yake ni Hg, kutokana na neno hydrargyrum ambalo Kilatini kililichukua kutoka Kigiriki, maana yake maji ya fedha. Sisi tulipata jina letu kwa Waarabu, wanaosema zi'baq. Ndiyo metali pekee iliyo kioevu katika joto la kawaida la chumba. (Najua kuna mtu atataja galiamu na sesiamu. Hizo huyeyuka karibu na nyuzi 29, kwa hiyo mchana wa Mombasa mwenzangu ana haki ya kubisha. Nairobi hapana.) Zebaki huganda kwenye nyuzi 38.8 chini ya sifuri na huchemka kwenye nyuzi 357.

Kinachomshangaza kila anayeishika chupa ya zebaki kwa mara ya kwanza ni uzito. Lita moja ina kilo 13.5. Chupa ya soda ya nusu lita ikijazwa zebaki inakaribia kilo 7. Tupa nati ya chuma ndani yake, itaelea kama kizibo juu ya maji. Haishiki kwenye glasi, inapitisha umeme, na hutanuka kwa utaratibu kadiri joto linavyoongezeka. Kwa sifa hizo ilipata kazi nyingi maabara. Torricelli aliitumia mwaka 1643 kupima uzito wa hewa, na hadi leo tunasema shinikizo la hewa ni milimita 760 za zebaki. Fahrenheit akaitia kwenye kipimajoto chake mwaka 1714. Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes, kule Leiden, aliipoza hadi karibu na sifuri kabisa na kuona ukinzani wake wa umeme ukitoweka ghafla. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa elimu ya vipitishi visivyo na ukinzani, ambavyo leo vinaendesha mashine za hospitali za kupiga picha kwa sumaku.

Sifa nyingine, ambayo imeleta utajiri na msiba kwa kiasi kinachokaribiana, ni kwamba zebaki huyeyusha dhahabu na fedha. Inaimeza dhahabu ikawa donge laini, kisha ukilipasha moto zebaki inaruka na dhahabu inabaki. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Mgodi mkubwa kuliko yote wa zebaki ulikuwa Almadén, Uhispania. Jina hilo ni la Kiarabu, al-ma'din, yaani mgodi. Ndilo shina lile lile la neno letu madini, kwa hiyo Mswahili akifika pale hahitaji mkalimani kusoma kibao cha mji. Katika miaka ya 1550 Bartolomé de Medina alionyesha kule Mexico jinsi ya kutoa fedha kwenye mawe kwa kutumia zebaki, na tangu hapo meli zikawa zinabeba zebaki kwenda Amerika na kurudi na fedha. Peru nako kulikuwa na mgodi wake wa zebaki, Huancavelica, ambako wenyeji walipelekwa kwa kazi ya lazima. Almadén yenyewe ilitumia wafungwa. Mwaka 1593 serikali ilimtuma Mateo Alemán, ambaye baadaye alikuwa mwandishi maarufu wa riwaya, kwenda kuchunguza hali yao. Aliwahoji wafungwa wenyewe, akasikia habari za watu kutetemeka mwili mzima na kurukwa na akili, hasa waliofanya kazi kwenye tanuri. Ripoti yake ilibaki siri. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba zamani watu hawakujua hatari ya zebaki, mwambie walijua. Waliokuwa wakitetemeka ndio hawakuwa na sauti.

Inakadiriwa kwamba Almadén peke yake ilitoa kiasi cha tani 250,000 za zebaki katika historia yake. Shika namba hiyo, kuna hesabu inakuja.

SAUTI NDANI YA BOMBA

Sasa tuingie kwenye tarakilishi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili wahandisi wa rada walikuwa na tatizo. Rada hupiga mawimbi na kusubiri yarudi, lakini kinachorudi si ndege ya adui peke yake. Milima, majengo na kila kitu kilichosimama pia hurudisha mawimbi. Ukitaka kuona vinavyotembea tu, inabidi uchukue picha ya sasa uitoe ile ya mpigo uliopita. Vilivyosimama vitafutana, vinavyotembea vitabaki. Tatizo ni kwamba ile picha ya mwanzo ni lazima uishikilie mahali kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Umeme hauna subira hiyo. Ndani ya muda huo unakuwa umeshakimbia kilomita mia kadhaa.

Jibu likawa kuugeuza umeme kuwa sauti, kwa sababu sauti ni mvivu. Kijana mmoja wa chuo kikuu cha Pennsylvania, J. Presper Eckert, aliifanyia kazi mbinu hii kwa zebaki. Unachukua bomba, unalijaza zebaki, kila upande unaweka fuwele ya kwatzi, ile ile inayotumika kwenye saa za mkononi. Ukiipa fuwele ya upande mmoja mpigo wa umeme inatikisika, mtikisiko unasafiri ndani ya zebaki kwa mwendo wa mita 1,450 hivi kwa sekunde, unaigonga fuwele ya upande wa pili, nayo inautoa tena kama umeme.

Eckert huyo huyo ndiye alikuwa mhandisi mkuu wa ENIAC, mashine iliyotangazwa Februari 1946. ENIAC ilikuwa na vali za redio karibu 18,000, zile taa za glasi ambazo wazee wetu walizijua ndani ya redio zao, lakini ilikumbuka namba 20 tu, kila moja ya tarakimu kumi. Hebu fikiria. Ukumbi mzima wa mitambo, joto kama la tanuri ya mkate, na mwisho wake namba ishirini! Kuipa programu mpya kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya kwa siku kadhaa. Haikuwa ujinga wa wahandisi. Kila tarakimu moja ilikula vali nyingi, na vali ni ghali na huungua.

Hapo ndipo Eckert alipoona kitu. Ikiwa bomba la zebaki linaweza kuchelewesha mipigo, je, ikiwa mpigo unaotoka upande wa pili utasafishwa na kurudishwa upande wa kwanza? Utazunguka milele. Na ikiwa bomba linabeba mamia ya mipigo kwa foleni, basi vali chache tu za mwanzo na mwisho zinatosha kuhifadhi mamia ya biti.

Ni kama mtu aliyesimama bondeni penye mwangwi. Anapaza sauti namba fulani, mwangwi unamrudia, naye anairudia namba ile kabla haijapotea. Mradi hachoki, hasahau. Akinyamaza mara moja tu, kila kitu kimekwisha. (Wale mnaojua kwamba kumbukumbu za leo nazo hufutika umeme ukikatika na huhitaji kuandikwa upya mara kwa mara kwa sekunde, mnatabasamu. Mimi pia.)

Tuchukue mashine moja tuihesabu. EDSAC ilijengwa Cambridge, Uingereza, na Maurice Wilkes na wenzake. Wilkes alihudhuria masomo ya Pennsylvania kiangazi cha 1946, akaanza kuchora mashine yake akiwa melini njiani kurudi nyumbani. Kwa upande wa mabomba alisaidiwa na Thomas Gold, ambaye alikuwa amefanya kazi ya rada wakati wa vita. Kila bomba la EDSAC lilikuwa na urefu wa mita 1.6 hivi. Gawanya kwa mwendo wa sauti, unapata sehemu 1.1 za elfu moja ya sekunde kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Saa ya mashine ilipiga mara 500,000 kwa sekunde, yaani mpigo mmoja kila sehemu 2 za milioni. Ina maana ndani ya zebaki biti moja na jirani yake zilipishana karibu milimita 3. Ungekuwa na macho ya kuona sauti, ungeziona data kwa rula ya shule!

Kila bomba lilikuwa na nafasi 576 za biti. Hizo ni baiti 72. Sasa chukua bomba la urefu huo lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 2.5 ulijaze zebaki, utapata kilo 10 na kidogo. Ujumbe mmoja wa SMS wa herufi 160 una biti 1,120, kwa hiyo ungehitaji mabomba mawili, kilo 20 za zebaki, ili tu kumwambia mtu uko njiani. Na gigabaiti moja? Nimepiga hesabu: mabomba karibu milioni 15, zebaki karibu tani 150,000. Zaidi ya nusu ya yote iliyowahi kutoka Almadén, kwa ajili ya simu moja ya bei nafuu.

Kwa nini zebaki lakini, si maji? Maji ni bure na hayana sumu. Sababu ni mpaka kati ya kioevu na fuwele. Sauti ikifika mahali ambapo vitu viwili vinatofautiana sana kwa uzito na ugumu, sehemu kubwa hugonga ukuta na kurudi. Kwatzi na maji hazielewani kabisa, karibu theluthi mbili ya nguvu inarudishwa, na mwangwi huo wa uongo unavuruga mipigo inayofuata. Kwatzi na zebaki zinakaribiana sana, mawimbi hupita karibu yote. Hakuna kioevu kingine cha joto la chumba kinachofanya hivyo.

Tatizo lilikuwa joto. Mwendo wa sauti katika zebaki hubadilika joto likibadilika, na ikiwa digrii zitapanda au kushuka kiasi, biti ya mwisho kwenye foleni inafika wakati si wake. Kwa hiyo mabomba yalifungiwa kwenye masanduku yenye joto lililodhibitiwa. Alan Turing, aliyekuwa akibuni mashine ya ACE, alitoa wazo kwamba mchanganyiko wa pombe na maji ungefaa, kwa sababu kwa vipimo fulani mwendo wa sauti ndani yake haubadiliki sana na joto. Vipimo hivyo vinakaribia vya jini, na ndiyo sababu husimuliwa hadi leo kwamba Turing alitaka kumbukumbu ya jini. Haikujengwa. Nadhani isingemaliza wikendi ikiwa imejaa.

Tarehe 6 Mei 1949 EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza na kuchapa orodha ya namba zilizozidishwa kwa zenyewe. Ilianza na mabomba yaliyoweza kushika maneno 512 ya biti 17, baadaye yakaongezwa hadi 1,024. Ndani ya nafasi hiyo finyu David Wheeler aliandika maagizo 31 ya kuwasha mashine na kuisomea programu, na akabuni njia ya programu moja kuita nyingine ndogo kisha kurudi ilipotoka. Kila unapoandika funksheni leo, unamdai Wheeler kitu fulani. Na Wilkes naye alikumbuka baadaye siku aliyotambua, akiwa kwenye ngazi za jengo lile, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki itakwenda katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Mwaka 1949 huo! Tumepiga hatua gani tangu hapo?

ACE ya majaribio, iliyoendesha programu ya kwanza Mei 1950 kule Teddington, ilikuwa na jambo ambalo mimi kama mwandishi wa programu linanikosesha usingizi. Ndani ya bomba data haikai, inazunguka. Ukitaka neno fulani ni lazima usubiri lifike mlangoni. Ni kama matatu ya mzunguko, ukiikosa kwa sekunde moja ngoja ikazunguke mji mzima irudi. Wabunifu wa ACE walikataa kungoja. Kila agizo lilieleza lenyewe agizo linalofuata liko wapi, na mwandishi wa programu alipiga hesabu ya muda ambao agizo la kwanza litachukua, kisha akaliweka la pili mahali ambapo litakuwa linatoka mlangoni wakati huo huo. Programu iliyopangwa hivyo ilikuwa na kasi mara kadhaa ya iliyoandikwa ovyo. Wenzangu mnaolalamika kuhusu kache, samahanini.

Nisije nikatoa picha kwamba zebaki ilikuwa peke yake. Mashine ya Manchester iliitangulia EDSAC kwa karibu mwaka mzima, Juni 1948, ikihifadhi biti kwenye uso wa skrini kama ya televisheni. Lakini zebaki ndiyo iliyoingia biashara. UNIVAC, ambayo ofisi ya sensa ya Marekani iliipokea mwaka 1951, ilikuwa na maneno 1,000 ya herufi 12 kila moja, yote ndani ya matangi ya zebaki. Ndiyo iliyotabiri ushindi wa Eisenhower kwenye televisheni ya CBS mwaka 1952. Australia walikuwa na CSIRAC, nayo ya zebaki, na ilisifika kwa kupiga muziki. Bado ipo Melbourne, watu wanaitazama.

Kilichoiua ni pete ndogo za sumaku. Mwaka 1953 mashine ya Whirlwind kule MIT ilianza kutumia kumbukumbu ya pete hizo, na hapo hakukuwa tena na kungoja zamu. Unaomba neno lolote, unapewa. EDSAC ilizimwa Julai 1958. Miaka ya hivi karibuni wapenzi wa historia wanaijenga upya katika jumba la makumbusho la tarakilishi lililoko Bletchley Park, kwa uaminifu mkubwa hadi kwenye vali. Ila kumbukumbu yake wameitengeneza kwa nyaya za nikeli, si kwa zebaki.

MVUKE USIOONEKANA

Sababu ya nikeli unaweza kuikisia. Zebaki ya kioevu ukiimeza, nyingi inapita tumboni na kutoka. Usijaribu, lakini ndivyo ilivyo. Hatari yake ni kwamba inatoa mvuke hata bila kupashwa moto, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa chenye nyuzi 20 hewa inaweza kubeba hadi miligramu 13 za zebaki kwa kila mita ya ujazo. Kiwango kinachoruhusiwa kazini katika nchi za Ulaya ni miligramu 0.02. Ukivuta pumzi, sehemu kubwa, karibu asilimia 80, hubaki mwilini, na safari yake inaishia kwenye ubongo na figo. Mikono inatetemeka, mtu anakuwa na hasira au haya zisizo za kawaida, anasahau. Watengenezaji wa kofia za manyoya huko Ulaya walijulikana kwa dalili hizo.

Ikiingia majini ni balaa nyingine. Bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, samaki wadogo wanaila, wakubwa wanawala wadogo, na kila hatua sumu inajikusanya zaidi. Ulimwengu ulilijua hilo kupitia Minamata, Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki kama kichocheo cha kutengeneza asetaldehidi tangu 1932, na maji taka yake yakaenda ghubani. Paka wa kijiji walianza kucheza ngoma ya ajabu na kufa. Mei 1956 watoto wenye kushindwa kutembea na kuongea waliripotiwa rasmi. Mwaka 1959 daktari wa kampuni yenyewe, Hosokawa Hajime, alimlisha paka maji taka ya kiwanda na kumwona akipata ugonjwa ule ule. Kampuni haikutangaza. Kiwanda kiliendelea hadi 1968. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa ni zaidi ya 2,200, na kesi zimeendelea mahakamani kwa miongo.

Hiyo ni Japani. Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo huwa tunanyamaza.

Mwaka 1972 kundi la madaktari wa Nairobi lilichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, uchunguzi kuhusu watu wazima 60 waliolazwa hospitali ya Kenyatta wakiwa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki ilipimwa ikapatikana kwenye mikojo yao. Yaani dada zetu na mama zetu walikuwa wakijipaka elementi namba 80 kila asubuhi ili wafanane na picha fulani gazetini. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, kwa hiyo krimu hizo zilifanya kazi, na hapo ndipo penye mtego. Nchi za Ulaya zilipiga marufuku sabuni za zebaki madukani mwao, lakini kwa miaka mingi viwanda vyao viliruhusiwa kuzitengeneza kwa ajili ya kuuza nje. Unajua nje ni wapi.

Krimu za namna hiyo zingali zinakamatwa hadi leo sehemu nyingi duniani, na sasa zinauzwa pia kwenye mitandao. Ukishika kopo lolote la kung'arisha ngozi, soma maandishi madogo na utafute maneno mercury, calomel au hydrargyrum. Na lisilo na maandishi yoyote ndilo la kuogopa zaidi.

KARAI LA MIGORI

Kisha kuna dhahabu. Nenda Macalder na machimbo mengine ya Migori, au vuka mpaka uende Geita. Mawe yanasagwa kuwa unga, unga unasafishwa kwa maji, halafu zebaki inamwagwa kwenye karai na kuchanganywa kwa mikono mitupu. Ikishameza dhahabu, donge linaviringishwa kwenye kitambaa, linaminywa, kisha linachomwa juu ya makaa. Mara nyingi ni pale pale nyumbani, watoto wakicheza kando. Ni mbinu ya Medina ya miaka ya 1550, bila mabadiliko makubwa. Kwa makadirio ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2015 binadamu walitoa angani tani 2,220 za zebaki, na asilimia 38 ilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Unazidi hata makaa ya mawe.

Dawa si ngumu kiufundi. Kuna chombo cha kufunika, donge linachomwa ndani yake, mvuke unapita kwenye bomba linalopozwa na zebaki inarudi kuwa kioevu ya kutumiwa tena. Kinanasa sehemu kubwa sana. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wameacha zebaki kabisa na kutumia boraksi. Ila mimi naandika programu kila siku na najua jambo moja: mbinu bora haishindi yenyewe. Mchimbaji anataka fedha za leo jioni. Anataka kuiona dhahabu yake ikibadilika rangi mbele ya macho yake, si ndani ya chombo kilichofungwa. Na pengine anayemuuzia zebaki, au kumkopesha, ndiye huyo huyo anayenunua dhahabu. Kumwambia mama huyo aache bila kugusa mnyororo huo wa deni ni kelele tu.

Na tusijifanye hatuhusiki. Viunganishi vya simu na ubao wa tarakilishi vimepakwa dhahabu. Dhahabu haina lebo. Ikishayeyushwa pamoja na nyingine hakuna anayeweza kukwambia hii ilitoka mgodi wa kampuni na hii ilitoka karai la Macalder.

Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki unaitwa Minamata. Uamuzi wa kuanza kuujadili ulipitishwa hapa hapa Nairobi, Gigiri, Februari 2009, na duru moja ya mazungumzo ilifanyika hapa mwaka 2011. Ulisainiwa Japani Oktoba 2013 na ukaanza kutumika Agosti 2017. Mwaka 2023 wanachama walikubaliana kuondoa vipodozi vyenye zebaki hadi 2025, na kutotengeneza wala kuuza nje au kuingiza nchini taa za mrija baada ya 2027. Kwa dhahabu mkataba unasema kupunguza na, inapowezekana, kuondoa. Neno hilo, inapowezekana, lina nafasi kubwa ya kupita.

Kwa nyinyi mafundi na wauza mitumba ya tarakilishi, jambo moja la mwisho. Skrini bapa za zamani, zile za kabla ya LED kutapakaa mnamo 2010, zina mrija mwembamba wa taa nyuma yake wenye miligramu chache za zebaki. Usiuvunje ukitafuta shaba. Ukivunjika, fungua madirisha, toka nje kwa dakika kumi na tano, usitumie ufagio, okota vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi, tia kwenye chupa yenye kifuniko, na usiichome pamoja na takataka.

Nikipata nafasi nitaandika kuhusu zile pete za sumaku na akina mama waliozishona kwa mkono, moja baada ya nyingine, chini ya darubini.